Zulia Halifiki Ukutani

Jumanne, saa nne kasoro robo asubuhi, fundi alipachika mlango wa handaki kwenye bawaba zake tatu, akauwekea pima maji, akaona kiputo kimetulia katikati. Ulikuwa mlango wa chuma wenye unene wa vidole vinne. Watu sita waliuteremsha ngazi ishirini na mbili, na mmoja wao alikuwa bado nyumbani, amelala kifudifudi kwa maumivu ya kiuno. Fundi aliingia ndani, akaufunga kwa mara ya kwanza, akasikiliza komeo likiingia mahali pake. Alifurahi. Kazi ya kuchomelea haina furaha nyingi, na hiyo ni mojawapo.

Ndipo mtu akagonga kutoka nje.

"Hodi," ilisema sauti ya kike.

Fundi alifungua. Palikuwa na ngazi, toroli na mfuko wa saruji uliopasuka, basi. Akafunga. Hodi ikaja mara ya pili, ikaja ya tatu, kisha kimya.

Mwenye handaki alikuwa sebuleni, mlemle chini, akipanga makopo ya maharage kwa kufuata tarehe za kuharibika. Alikuwa mkurugenzi mstaafu wa idara ya maafa, na watu waliendelea kumwita Mkurugenzi kwa sababu hakuitikia jina jingine. Kwa miaka ishirini na mmoja aliwahutubia wananchi juu ya kujiandaa, na siku alipostaafu serikali ilimuuzia handaki lililokuwa limejengwa kwa ajili ya wananchi haohao. Ukutani alikuwa ameandikisha kwa rangi ya dhahabu: AKIBA HAIOZI. Alipoelezwa habari ya hodi hakuacha makopo yake.

"Hao ni wale watakaokuja siku ile ya maafa; hodi zao zimetangulia," alisema. "Huyo wa kwanza ni katibu muhtasi wangu. Miaka kumi na tisa alinigongea hivyohivyo."

"Siku ile ni lini, mzee?"

"Ningeijua, fundi, ningekuwa nimeshatundika mapazia."

Mke wa Mkurugenzi alimpigia simu muuza vyuma. Akajibiwa kwamba vyuma vinene vina tabia hiyo, na kwamba bidhaa ikishatoka dukani hairudishwi.

Basi kazi ikaendelea. Sofa zilikuwa zimeshaingia, bado ndani ya nailoni zake. Kulikuwa na mashine ya kutembelea pasipo kwenda popote, na televisheni yenye fainali sitini za mpira zilizorekodiwa, ambazo Mkurugenzi aliyajua matokeo yake yote. Vitanda vilikuwa sita. Kimoja chake, kimoja cha mkewe, kimoja cha mama yake, viwili vya wanawe waliokaa ng'ambo na kuahidi kupanda ndege mara tu maafa yatakapoanza. Cha sita kilikuwa cha mbwa. Mbwa alikiangalia, akapanda ngazi akaenda zake juani.

Aliyekwisha kuhamia alikuwa Bibi, mama wa Mkurugenzi, mwenye miaka themanini na ushee. Alikuwa ameambiwa kwamba nyumba ya juu inapakwa rangi. Bibi alikuwa mtu aliyelelewa, na mtu aliyelelewa akisikia hodi husema karibu. Jumanne hiyo jioni alibisha muuza dawa wa mtaa wa pili. Bibi alikuwa anashona kifungo.

"Karibu, mwanangu," alisema bila kuinua macho. "Karibu ndani."

Hakuingia mtu, kwa kuwa siku yenyewe ilikuwa haijafika. Lakini Jumatano asubuhi fundi alipopima ukuta ili afunge rafu, alikuta sebule imeongezeka mita mbili. Jana ilikuwa mita kumi na moja, leo kumi na tatu. Hapakuwa na ufa wala vumbi, na rangi ilikuwa ileile. Katika hizo mita mbili kulikuwa na kitanda kimoja kilichotandikwa, blanketi moja, mtungi wa maji, na fungu la makopo ya mtu mmoja. Mkurugenzi aliyakagua makopo na kukuta tarehe zake ziko mbali kuliko za yale aliyonunua mwenyewe. Hilo halikumpendeza.

Hadi Jumatano jioni Bibi alikuwa amemkaribisha katibu muhtasi aliporudi kubisha, mkunga mmoja, na mwalimu wa hesabu aliyeomba radhi kwa kusumbua. Handaki likafika mita kumi na tisa.

"Zulia halifiki ukutani," alisema mke wa Mkurugenzi. Lilikuwa limekatwa kwa kipimo na kusafirishwa kwa meli. Taa ya vioo nayo haikuwa katikati tena. Alikaa juu ya sofa, nailoni ikilia chini yake, akaiangalia ile saruji tupu mpaka machozi yakamlengalenga.

"Mama, acha kuwaitikia hao watu," Mkurugenzi alisema.

"Niwanyamazie? Wamebisha hodi."

"Nyumba itakuwa ndefu kama treni."

"Tutakaa kama abiria. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huoni makopo?"

Alhamisi, saa tano, fundi alikuwa anakata chuma kwa grenda alipohisi jambo, akaizima. Mlango ulikuwa unagongwa kwa kiganja, si kwa vifundo vya vidole. Alimjua mmoja tu anayegonga hivyo, mwanamke ambaye vidole vyake viliuma kwa kufua nguo za watu. Kando yake kulikuwa na kikohozi cha mtoto, na hicho pia fundi alikijua, maana kilimwamsha kila alfajiri.

"Hodi wenyewe," alisema mke wake.

Aligeuka kumtafuta Bibi, lakini Bibi alikuwa chooni, na Bibi hakuwa mtu wa kuharakishwa. Fundi alifungua mdomo aitikie. Akaufunga. Nyumba haikuwa yake, na mtu hakaribishi wageni katika nyumba ya mwenzake. Hodi ya pili ilipokuja alikwenda mbio sebuleni.

"Mzee, huyo ni mke wangu. Yuko na mtoto. Nakuomba umwitikie."

Mkurugenzi aliinamisha kichwa, akasikiliza kwa makini.

"Ana sauti ya heshima," alisema. "Hongera sana, fundi."

Hodi ya tatu ikapita.

Bibi aliporudi na kuelezwa, alisikitika kweli. Fundi alimwomba aseme karibu hata sasa, kwa kuchelewa.

"Siwezi, mwanangu. Kumkaribisha asiyebisha ni kumwita, na nyumba si yangu hata niite watu. Ila akibisha, hakuna wa kunizuia kumjibu. Atarudi tu. Mwenye mtoto hurudi." Akavuta kiti chake, akakiweka karibu kabisa na mlango. "Sitoki hapa."

Mkurugenzi aliona kile kiti. Hakuwa mtu mkatili, na wote waliofanya kazi chini yake wangeapa hivyo. Hakutaka kumfukuza mtu wala kumgombeza mama yake. Alimwita fundi pembeni akamwelekeza kwamba mlango uzungushiwe mpira kingo zote, upande wa ndani upachikwe sponji tabaka mbili, na juu ya sponji bati. Kazi iishe Ijumaa adhuhuri.

"Mtu asiyesikia hodi," alisema kwa upole, "hajamnyima mtu."

Fundi alifikiria kukataa. Lakini mjini palikuwa na wachomeleaji kumi na mmoja, na watatu kati yao aliwafundisha yeye. Bora mkono wake, aliona, kwa maana mkono wake ungeweza kusahau. Ijumaa asubuhi alizungusha mpira pande zote, ila kwenye kona ya chini, upande wa bawaba, aliacha nafasi ya ukucha mmoja. Sauti haihitaji zaidi ya hapo.

Mkurugenzi alikuja na mshumaa. Aliupitisha pole pole kwenye ukingo wa mlango, kama alivyokuwa akiwafundisha wananchi katika semina. Mwali ulisimama wima njia nzima, hadi kwenye ile kona, ambako uliinama.

"Hapa, fundi," alisema. "Si kawaida yako."

Na fundi aliona aibu. Aliona aibu ya fundi aliyekutwa na kiungo kibovu, na hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko yote baadaye. Alipiga magoti akaziba.

Mlango ukafungwa. Handakini mlitulia hata maji ya matangi yakasikika yakipumua. Mkurugenzi alimwahidi fundi barua ya utambulisho, kwani marafiki zake wawili nao walikuwa wamenunua mahandaki. Fundi alikuwa ameweka kiganja juu ya bati, akikagua kama gundi imeshika, na chuma kilikuwa kinatetema mkononi mwake. Kiganja kwa kiganja.

"Bibi," alisema, "amekuja."

Bibi alijiweka sawa kitini, akatega sikio. Alingoja. Akalaza shavu lake kabisa juu ya bati.

"Sijasikia hodi, mwanangu."

"Anagonga. Namsikia mkononi. Nakuomba, Bibi."

"Mama," alisema Mkurugenzi, "kuna mtu amebisha?"

Bibi aliwaangalia wote wawili. Tangu azaliwe hakuwahi kusema uongo, na hakuona sababu ya kuanza uzeeni.

"Sijasikia mtu," alisema, na macho yake yakajaa machozi.

"Wala mimi." Mkurugenzi alimgeukia mkewe. "Sasa unaweza kuagiza zulia jingine."

Fundi hakuondoa mkono. Alihisi hodi ya pili, kisha, baada ya kitambo cha kumtuliza mtoto anayekohoa, ya tatu. Alibaki pale na kiganja chake kimekandamizwa kwenye bati. Mke wake alikuwa mtu wa adabu, na hakugonga tena.