Meza ya Ghorofa ya Tatu

Tik. Tik-tik. Tik.

Nilikuwa bado kwenye ngazi niliposikia sauti hiyo, kama kuku anayedonoa mchele kwenye sinia. Nikapanda hadi ghorofa ya tatu, nikausukuma mlango, nikaona si kuku. Ilikuwa kalamu ya plastiki ikigonga kioo kikubwa kilichoegemezwa mezani kama mimbari. Nyuma ya kioo alikaa mwanamume mwenye ndevu zilizonyolewa kwa mstari. Hakuinua macho.

"Wewe ndio yule wa mbuzi?"

"Mimi ni Mwau," nikajibu. "Mbuzi ni wangu."

Hapo akacheka, akaniangalia. Huyo alikuwa Fidel, mchoraji mkuu wa kampuni ndogo ya vitabu vya watoto hapo Mtaa wa Biashara. Mwenye kampuni, Madam Selpher, ndiye aliyeniita. Nilikuwa nimemtumia kwa simu utenzi wangu pamoja na picha sita za wino. Kutunga sikufundishwa na mtu. Nilijifunza mwenyewe kuhesabu mizani kwa vidole, na vina nikavisaka kama anayesaka kuku aliyetoroka, mpaka beti zikasimama. Kwa hiyo Madam Selpher alipotoka ofisini kwake na kusimama katikati ya chumba, miwani ikining'inia kifuani, akaanza kuusoma kwa sauti, sikutazama chini kwa haya. Nilitazama mbele.

*Mbuzi kasema: Hapana,*
*kamba sivai mchana,*
*hata tukitukanana,*
*shingo hii mali yangu.*

"Huyu mbuzi ana kiburi," alisema.

"Ana haki, Madam."

"Sawa. Sasa sikiliza. Kitabu tutatoa. Picha ni zako na maneno ni yako. Lakini wino wa karatasi siwezi. Kila mara tukibadilisha kitu unaanza upya. Saa saba naenda dukani, nitakununulia kifaa kimoja. Kimoja. Ukitaka skrini ya kuchorea kama ya Fidel, inakuja na ile meza ya dirishani, unaingia kazini kila siku, unakuwa mtu wa ofisi. Ukitaka tableti, ile ya kubeba, unafanyia kwako na unaleta kazi kila Ijumaa. Meza hupati, kwa sababu meza moja siwezi kumwekea mtu ambaye hayupo."

Nilikuwa nimeshachagua kabla hajamaliza. Niliitazama meza ya dirishani. Ilikuwa na droo mbili na kiti cha kuzunguka.

Lazima nieleze maana ya meza ile. Naishi Mutuini na dada yangu Kavata, katika nyumba za kupanga zilizojengwa juzi juzi kando ya mashamba. Mbele ya mlango wetu kuna jiwe kubwa ambalo mjenzi alishindwa kuliondoa, na juu ya jiwe hilo nimechora miaka mitatu. Karatasi pajani, wino kando. Majirani wakienda kazini wananiacha hapo, wakirudi wananikuta hapo. Caretaker, yaani mwangalizi wa nyumba, mtu anayeitwa Muigai, alishawahi kuniuliza mbele ya watu kama jiwe nimelilipia kodi. Kavata anafanya kazi ya mapokezi kwenye zahanati, analipa nyumba, analipa unga, na amenitetea dhidi ya midomo ya watu hadi mdomo wake mwenyewe ukachoka. Nilipoitwa mjini, aliwaambia wamama wote wa kanisa kwamba mdogo wake amepata meza. Hakusema kazi. Alisema meza.

Kwa hiyo nilisema kwa sauti, Fidel asikie na dada wa hesabu aliyekaa kwenye kona asikie: "Skrini."

"Umewahi kuitumia?" Fidel aliuliza.

"Kalamu ni kalamu."

"Aisee." Akasimama, akavuta kiti chake nyuma. "Omera, ndugu yangu, njoo ukae. Chora huyo mbuzi wako tumwone."

Nikakaa. Nikashika ile kalamu. Kioo kilikuwa kipana, rangi zikang'aa, na Fidel alinionyesha haraka jinsi ya kufungua ukurasa mpya: huu wa rangi, huu wa mistari, huu wa kufuta. Sikudharau. Kilikuwa kitu kizuri, kizuri kuliko chochote nilichowahi kukigusa. Nikaanza na pembe.

Pembe ilitoka kama kijiko kilichokunjika.

Nikafuta. Nikaanza na mgongo, ule mstari ninaoujua kuliko jina langu. Ulipanda vizuri, ukafika mabegani ukavunjika, ukashuka kama mtu anayeteleza kwenye matope. Nikafuta tena. Jicho likawa yai. Nikasikia dada wa hesabu akikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua.

"Huyo ni mbuzi ama ni dizaini ya mkokoteni?" Fidel akasema.

"Subiri."

"Nasubiri. Ulisema kalamu ni kalamu."

Damu ikanipanda kichwani. Mimi si mtu wa kuchekwa nikiwa na kalamu mkononi. Nikakaza meno, nikamwinamia yule mbuzi, nikaufukuza mstari kwa hasira, na mikono yangu ikafanya jambo ambalo kichwa hakikuituma. Iliiinua ile skrini kutoka kwenye stendi, ikailaza pajani, ikaizungusha ili mgongo wa mbuzi unielekee.

Mstari ulitoka safi. Niliuona. Kwa sekunde moja niliuona mgongo wa mbuzi wangu ukipinda kama inavyotakiwa.

Kisha waya zikavutika. Laptopu ya Fidel, iliyoiendesha skrini ile na iliyokuwa imewekwa juu ya rundo la kamusi, iliteleza, waya wa umeme ukachomoka, na skrini ikafa pajani pangu. Laptopu haikuvunjika. Lakini betri yake ilikuwa imekufa tangu mwaka uliopita, na bila umeme ilizimika papo hapo.

Fidel aliinama kuitazama.

"Soko langu," Fidel alisema polepole. "Ukurasa wa soko. Watu ishirini na tatu. Sijasevu tangu chai ya saa nne."

Akairudisha laptopu kwenye umeme, akaiwasha, tukasubiri wote, nami nikiwa bado nimeikumbatia skrini kama mtoto wa mtu. Soko lilikuwepo, lakini la asubuhi: viboksi vitupu na watu wawili wasio na nyuso. Fidel alikaa chini sakafuni, akajishika kichwa. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Madam Selpher alivaa miwani. "Kijana, ni nani alikufundisha kubeba skrini hivyo?"

Nilitaka kusema samahani tu na kunyamaza. Lakini swali lake lilinigonga mahali, kwa sababu jibu lilikuwepo, na mimi sikuwa nimewahi kulitafuta.

"Baba," nikasema. "Si skrini. Mti."

Nikamweleza. Kwetu Wamunyu watu ni wachongaji. Mchongaji hasimami mbele ya twiga wake kama mwalimu mbele ya ubao. Anakaa chini, anaubana mti kwa nyayo, anapiga tezo mara tatu, anageuza. Mara tatu, anageuza. Mkono una upande mmoja tu unaoujua vizuri, kwa hiyo kazi ndiyo inayozungushwa kuufuata. Nilianza hivyo nikiwa na miaka saba. Nilipoacha mti nikashika karatasi, karatasi pia niliizungusha, pale pale juu ya jiwe, bila kujua kwamba kuna watu hawafanyi hivyo. Nikaitazama skrini ya Fidel na mikia yake miwili ya waya. Kitu kile kilitengenezwa kwa mtu ambaye mkono wake huifuata kazi. Mimi si mtu huyo.

"Kwa hiyo?" Madam akasema.

"Kwa hiyo nimeharibu ukurasa wa watu, na nitaurudisha. Kuna tableti hapa ofisini?"

Ilikuwepo moja, ya Madam mwenyewe, ambayo aliitumia kusomea barua na kuangalia harusi za jamaa. Ilikuwa na kalamu yake. Fidel aliinua kichwa. "Hiyo ni ya watoto kuangalia katuni."

"Basi nitachora kama mtoto. Wewe niambie nani alisimama wapi."

Sikuenda kwenye meza ya dirishani. Nilikaa sakafuni, mgongo ukutani, goti moja juu, tableti pajani. Fidel alikuwa tayari chini karibu yangu, akiwa na uso wa mtu aliyefiwa. Akaanza kutaja. Kushoto kabisa, mama wa mitumba. Nyuma yake mtoto anajaribu kiatu kimoja. Katikati, muuza mahindi ya kuchoma.

Nikapiga mistari mitatu, nikageuza. Mitatu, nikageuza. Hakuna waya uliovuta. Mama wa mitumba alitoka na kiuno chake, mtoto akatoka na kiatu kikubwa kuliko mguu. Nyakati nyingine soko lilikuwa juu chini kabisa, watu wakining'inia kwa miguu kama popo, na Fidel akapinda shingo ili aone.

"Unachora mtu akiwa kichwa chini?"

"Yeye ndiye yuko kichwa chini. Mimi nimekaa sawa."

"Huyu mtu ni mchawi," akamwambia dada wa hesabu, lakini sauti yake ilikuwa imebadilika. Alianza kunitajia hata mambo ambayo hayakuwemo kwenye ukurasa wake. Muweke polisi wa kaunti, akasema. Wote wakimbie kidogo.

Ilichukua saa moja na nusu. Betri ilishuka hadi robo, na shingo yangu ikauma, kwa sababu kioo kidogo humvuta mtu aiinamie kazi. Sisemi tableti haina kasoro. Rangi zake pia zilidanganya. Fidel alipolihamishia lile soko kwenye skrini yake kubwa, nyekundu ya khanga iligeuka kahawia, naye akairekebisha kwa mibofyo miwili huku akinieleza, bila kejeli, kwa nini kitabu kinachochapishwa kinahitaji jicho la skrini kubwa mwishoni. Nilimsikiliza. Mtu anayejua kazi yake namsikiliza.

Kisha akamkuza yule muuza mahindi mpaka akajaa kioo, moshi na yote. Akamtazama kwa muda.

"Huyu amemshinda wangu," akaninong'oneza. "Ukimwambia Madam, nakukana."

"Nimesikia," Madam Selpher akasema nyuma yetu. Alikuwa ameshashika mkoba. Saa saba ilikuwa imepita. "Mwau, dukani wanafunga kwa chakula. Neno la mwisho. Skrini na meza, ama tableti?"

Nikaitazama meza ile kwa mara nyingine. Droo mbili. Dirisha. Nikamwona Kavata akiwaambia wamama, na Muigai akiuliza juu ya jiwe lake, na watu wote watakaoniona hapo tena Jumatatu asubuhi, nimekaa, wao wakienda kazini. Ingekuwa rahisi kusema skrini. Ningejifunza. Mwaka mmoja, labda miwili, mkono ungefugwa, na mstari wangu ungefanana na wa watu wengine.

"Tableti," nikasema. "Meza mpe mtu anayeikalia. Rangi za mwisho nitazileta kwa Fidel, akikubali."

"Nitakubali," Fidel akasema, "ila usiguse waya zangu."

Jioni nilishukia Mountain View, ilipo zahanati anakofanya kazi Kavata. Nilimkuta nyuma ya kaunta yake, akipanga faili za wagonjwa. Aliponiona alitabasamu kwa meno yote.

"Sema. Meza iko kwa dirisha ama kwa ukuta?"

"Hakuna meza, Kavata."

Tabasamu lilibaki usoni lakini macho yakamtoka. Akaweka faili chini. "Wamekufukuza? Siku ya kwanza?"

"Kazi nimepata. Kitabu kinatoka. Meza walinipa, nikaikataa." Nikaiweka tableti juu ya kaunta, mpya, ikiwa bado na karatasi ya kiwandani. "Nilichukua hii."

Aliigeuza huku na huku kama mtu anayekagua nyanya. "Kadogo hivi. Mwau, nimeshaambia watu. Mama Mukonyo wa kanisani ameniuliza kama ofisi ina lifti, nikamwambia ipo."

"Ipo. Imekufa."

Hakucheka. "Unajua watasema nini? Watasema nilidanganya. Watasema umerudi jiweni kwa sababu mji umekushinda. Na mimi ndio nitakaa nao kwa benchi, si wewe. Wewe utakuwa umeinama unachora."

Alisema kweli, na ukweli wake uliniuma kuliko kicheko cha Fidel. Miaka mitatu heshima yangu ilikuwa mdomoni mwake, mimi nikikaa kimya na kuiita hiyo fahari. Mama mmoja aliyebeba mtoto mwenye homa alikuwa kwenye foleni nyuma yangu. Sikupunguza sauti.

"Jumapili hutasema neno," nikamwambia. "Nitasimama mimi mwenyewe kanisani, kabla ya matoleo, mbele ya Mama Mukonyo na wote. Nitawaambia nilipewa meza mjini nikaikataa nikiwa na akili timamu, na kwamba wakinikuta jiweni Jumatatu, hapo ndipo kazini kwangu, wanisalimie wapite. Atakayetaka kuuliza aniulize mimi. Nakuahidi, dada: kuanzia Jumapili hii, jina langu nitalitetea kwa mdomo wangu."