Vifungo vya Pembe Nne

Jumatano ya wiki ya tatu kabla ya Pasaka, Ravdna aliamka, akawasha jiko, akateleka birika la kahawa, halafu akakuta vifungo vyote vya mkanda wake vimekuwa vya pembe nne. Jana yake vilikuwa vya duara. Alikuwa ameutoa mkanda huo sandukuni, ule wa usichana alioachiwa na mama yake, akaujaribu kiunoni, akaulaza juu ya cherehani na kwenda kulala. Vilikuwa vifungo ishirini na vinane vya fedha. Alivihesabu, akavikuta vyote vipo, akamimina kahawa.

Kijijini Garanas, mtoto akishajua kusema anajua na hili: mkanda wa vifungo vya duara ni wa mtu asiye na ndoa, na mkanda wa vifungo vya pembe nne ni wa mwenye ndoa. Ravdna alikuwa na miaka hamsini na sita, na kama alikuwa na mume, hakuna aliyewahi kumwona. Kwa miaka thelathini na tatu alikuwa akijifunga mkanda wa sufu usio na kifungo hata kimoja, akidai fedha inamchoma kiuno. Safari hii dada yake, Gáre, alikataa katakata. Gáre alikuwa anamwoza binti yake, Sunná, Jumamosi ya Pasaka, kabla kulungu wanaowafuga hawajaanza safari yao ya kwenda kuzalia pwani, naye hakutaka mtu wa nyumbani kwake asimame mbele ya wageni mia nane amejifunga kamba kama gunia la viazi.

Saa tisa alasiri Gáre akafika na orodha ya wageni kwapani. Alikung'uta theluji viatuni, akaingia, akauona mkanda.

“Mdogo wangu, nini hii?”

“Si unaona.”

“Naona vya pembe nne.”

“Ndivyo vilivyo.”

Gáre akavuta kiti, akakaa. Midomo ilimcheza kama mtu anayehesabu.

“Sasa kahawa atabeba nani?” akauliza.

Lilikuwa swali la haki. Katika harusi za Garanas kahawa hubebwa na wanawake wasioolewa, na Ravdna ndiye aliyekuwa kiongozi wao tangu ujana wake. Wenzake waliolewa mmoja mmoja wakaketi. Yeye akabaki na mabirika, akiwafunza mabinti jinsi ya kupita katikati ya watu mia nane bila kummwagia mtu. Mwenye ndoa habebi birika. Mwenye ndoa hukaa mezani, na zamu yake ikifika mshereheshaji humwita, jina la mume na jina la mke kwa pumzi moja, nao huenda pamoja kuwapa maharusi mkono.

“Na ukikaa, utaitwa,” Gáre akasema. “Utaitwa pamoja na nani?”

“Sijui.”

Ulikuwa uongo, na Gáre alijua ni uongo. Walikunywa kahawa yao wakizungumzia viazi vya mchuzi.

Kesho yake walipanda pikipiki ya theluji, wakakata ziwa hadi kwa Heaika, sonara. Barafu ilikuwa bado nene, ila jua la Machi lilikuwa limeanza kuilainisha juu wakati wa mchana, kwa hiyo waliondoka asubuhi. Heaika alivaa miwani, akauma kifungo kimoja, akakirudisha.

“Fedha ya zamani ni kama bibi wa zamani,” alisema. “Inaweza kunyamaza miaka na miaka. Siku ikiamua kusema, utainyamazishaje?”

“Tuwekee vya duara, mzee wangu,” Gáre akamwambia. “Mahubiri tutayasikia kanisani.”

Heaika akaving'oa, akashona vipya vya duara. Ijumaa asubuhi vilikuwa vya pembe nne. Gáre akampigia simu sonara kumweleza, naye akajibu kwamba alikuwa amelitarajia hilo, na kwamba vile vya zamani alivyobaki navyo dukani havijabadilika.

Habari haikukawia. Dukani watu walisema lisemwalo lipo, wakaanza kumtafutia Ravdna mume. Walitajwa wagane watatu, mtu mmoja aliyezama ziwani zamani, na daktari wa meno kutoka kusini aliyewahi kukaa Garanas wiki mbili. Hakuna aliyeuliza ilikuwaje fedha ikabadilika. Walichotaka ni jina, kwa sababu orodha ilipaswa kuchapwa.

Jumamosi alikuja Sunná mwenyewe. Alikaa sakafuni kumsaidia Ravdna kupiga pindo la joho jekundu na buluu, kama alivyokuwa akifanya tangu akiwa na miaka sita. Ravdna hakuwa na mtoto. Alikuwa na huyu, na alimpenda mpaka wakati mwingine alimwonea haya dada yake.

“Mama mdogo,” Sunná alisema bila kuinua macho, “niambie mimi tu. Awe nani awe nani, nitahakikisha unaitwa kwa heshima zako zote.”

“Hata kama ataiharibu harusi?”

“Harusi gani inaharibiwa na jina? Sema tu.”

Jina lilifika mpaka mdomoni. Ravdna akalimeza na kumwomba uzi.

Mume alikuwa Mihkkal. Mihkkal, baba yake Niillas, na Niillas ndiye bwana harusi. Alikuwa pia mkuu wa kambi ya malisho ya majira ya baridi, na neno la kuwapokea kulungu wa bibi harusi katika malisho hayo lilikuwa lake peke yake. Asipolitoa, Sunná na Niillas wangeanza ndoa na kulungu mia mbili wasio na pa kula.

Miaka thelathini na tatu nyuma, wakati wa kuhamisha kundi, dhoruba iliwafungia wawili hao ndani ya hema moja kwa siku tatu. Siku ya pili Mihkkal alimshika mkono, akasema maneno yote ya ndoa ya kanisani bila kuruka hata moja, Ravdna naye akayajibu. Mchungaji hakuwepo. Moto ulikuwepo, na mbwa wawili. Ilipofika vuli Mihkkal akasema kwamba dhoruba huwapumbaza watu, na Pasaka iliyofuata akamwoa Biggá, aliyekuwa na kundi kubwa zaidi. Joho la bibi harusi lilishonwa na Ravdna, kwa kuwa hapakuwa na mshonaji mwingine. Siku ya harusi alipewa birika la kahawa, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kulibeba.

Jumatatu Mihkkal alikuja kupimwa joho lake. Alikuwa mtu mkubwa, mpole wa sauti, na kila mtu alimsifu kwa upole huo. Akavua mkanda wake, akautundika kwenye kiti. Vifungo vyake vilikuwa vya pembe nne, vinang'aa.

“Orodha inachapwa kesho,” Ravdna alisema, akimzungushia utepe kifuani. “Dada anataka jina.”

“Nimesikia.”

“Nimwambie nini?”

“Ravdna, ilikuwa dhoruba ya siku tatu tu.”

“Maneno yalichukua dakika mbili. Nyosha mkono.”

Akanyosha mkono. Ravdna akaandika kipimo cha begani.

“Sunná ni binti mzuri sana,” Mihkkal alisema. “Nimeamua lile neno la malisho nisilitoe kambini. Nitalisema ukumbini, siku yenyewe, mbele ya watu wote. Itapendeza zaidi. Labda pawe na jambo la kuniudhi, basi tena.”

Sauti yake ilikuwa ileile ya upole. Ravdna alitamani kumkaza utepe shingoni, na hilo linasemwa hapa kwa sababu lilikuwa kweli. Badala yake akamwambia ageuke ampime mgongo.

Jumanne saa sita mchana ilisimama pikipiki ya Biggá mlangoni. Biggá aliingia na shali yake kubwa yenye matamvua, ile anayoivaa ikimfika kiunoni hata wakati wa kiangazi. Hakuvua kofia.

“Funga mlango, shoga yangu,” alisema, kisha akaifungua shali.

Vifungo vya mkanda wake vilikuwa vya duara.

“Tangu siku ile ile,” alisema Biggá. “Joho lile ulilonishonea. Niliingia kanisani navyo, jioni vikawa vya pembe nne kama vya wenzangu, na nilipoamka vimerudi hivi. Nanunua vingine miji ya mbali wasikonijua. Wiki haiishi vinaviringika.”

Ravdna akamwekea kahawa.

“Ulijua ni mimi?”

“Nilijua yupo mtu. Nimesikia habari za vyako wiki hii, ndipo nikajua.” Biggá akapuliza kahawa. “Sikukuja kugombana. Watoto wanne nimemzalia, nitagombana niende wapi? Nataka tubadilishane. Nipe vyako, vimekolea. Siku moja vitastahimili. Wewe chukua hivi vyangu, ubebe kahawa yako kama kawaida. Watu watasema fedha ilikosea.”

“Na Mihkkal?”

“Mihkkal ana nini?”

“Vifungo vyake.”

“Vya kwake ni vya pembe nne siku zote, Ravdna. Si ana mke? Awe wewe awe mimi, ana mke. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kitu.”

Nje kulungu wa jirani walikuwa wakiparua theluji kwa kwato wakitafuta chakula. Ravdna alikuwa amejiandaa kumchukia mwanamke huyu maisha yake yote, na kwa kiasi fulani alikuwa amefanikiwa, na sasa alimwona ni mtu mwenye kofia kichwani asiyejua aende wapi. Akachukua mkasi. Wakavikata vifungo, wakashona, mmoja mkanda wa mwenzake, wakakubaliana mikanda isivaliwe mpaka siku yenyewe.

Gáre alipoambiwa kwamba vifungo vimerudi kuwa vya duara, alimshukuru Mungu, akafuta ile nafasi iliyoachwa wazi kwenye orodha.

Jumamosi ya Pasaka jua lilikuwa kali juu ya theluji mpaka watu wakaingia ukumbi wa michezo wakiwa hawaoni. Wageni walikuwa mia nane na kumi na mbili. Mchuzi wa nyama ya kulungu uliiva kwenye masufuria kumi na nne, na viazi vilitosha. Mshereheshaji akaita majozi. Alipofika kwa “Mihkkal na Biggá,” wakainuka, wakapita na kutoa mkono, na Biggá, kwa mara ya kwanza tangu watu wamjue, hakuwa na shali. Vifungo vyake vilimetameta, vya pembe nne, na wanawake wa meza ya pili wakanong'ona kwamba kumbe bado ana kiuno.

Ravdna alikuwa akizunguka na birika. Hakummwagia mtu.

Kisha Mihkkal akasimama kutoa nasaha. Ukumbi ukatulia, kwa kuwa watu walijua neno la malisho liko humo. Sunná aliushika mkono wa Niillas juu ya meza, akaushika sana, vidole vikawa vyeupe.

“Wanangu,” Mihkkal alisema, “ndoa si kanisa, wala si karamu hii. Ndoa ni neno. Mtu akishalitamka, hata kama hakuna anayemsikia, limemfunga. Ahadi ni deni.”

Hapo vifungo vikaanza kugeuka. Ravdna alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Biggá, akimjazia kikombe. Vilikuwa vikilia kimoja kimoja, mlio mdogo kama wa ukucha juu ya bati, na kwa kuwa ukumbi ulikuwa kimya, kila mtu alivisikia. Kiunoni mwa Ravdna vilipata pembe. Kiunoni mwa Biggá, shibri moja kutoka hapo, vilipoteza pembe. Ilichukua muda wa kutosha kunywa kahawa nusu kikombe. Wageni mia nane na kumi na mbili walitazama mkanda mmoja, wakatazama wa pili, wakamtazama Mihkkal, ambaye vifungo vyake vilibaki kama vilivyokuwa.

Gáre aliweka kijiko chini. Mihkkal akamtazama mkwewe, Sunná, kwa upole, akasubiri.

Sunná akainuka. Ravdna alimwona akija, fedha za kifuani zikicheza, akafikiri: sasa atasema. Alisema atanipa heshima zangu, awe nani awe nani. Moyo ulimwenda mbio kama wa msichana wa miaka ishirini na mitatu, naye akaliinua birika kidogo ili mkanda wake uonekane vizuri.

Sunná alipofika akaivua shali yake ya harusi, nyeupe, ya hariri, ambayo Ravdna mwenyewe aliifunga matamvua yake mia tatu kwa mkono. Akamzungushia kiunoni, juu ya mkanda, taratibu, kwa upendo. Akaipiga fundo, akalikaza, akapiga la pili.

“Usije ukapata baridi, mama mdogo,” alisema. Hakumtazama machoni.

Ukumbi ulikuwa na joto la kutoa jasho. Mwanamke mmoja wa meza ya pili akavua shali yake pia, akampitishia Biggá. Sunná akarudi akaketi, na Mihkkal akaendelea pale alipoishia. Akasema kulungu wa Sunná wanakaribishwa katika malisho ya kambi, wao na watakaozaliwa, leo na siku zote. Watu wakasimama kupiga makofi, Gáre akalia kwa furaha, na makofi yakaendelea kwa muda mrefu.

Ravdna hakupiga makofi, kwa sababu mikono yake miwili ilikuwa imeshika birika. Yalipokwisha, Mihkkal, aliyekaukwa na koo kwa kusema, alinyosha kikombe chake bila kugeuka. Ravdna akamimina.