Ruhusa ya Kuruka

Mdogo wangu aliniomba nimvue kiatu kabla ndege haijamaliza kupanda. Kilikuwa raba laini ya kamba niliyomnunulia kwa ajili ya safari ile, na asubuhi mguu uliingia bila taabu. Sasa kamba zilikuwa zimezama kwenye nyama. Nilipoinama nikamvua, nikagusa kigimbi chake cha kushoto. Kilikuwa kimejaa, kimekaza, na cha moto kama mkate uliotoka tanurini. Cha kulia kilikuwa vilevile kama siku zote.

"Kinauma," alisema. "Lakini si walisema kuvimba ni kawaida?"

"Walisema," nikamjibu.

Alikaa amejikunja kidogo, maana tumbo lake lilikuwa limekatwa kutoka nyonga hadi nyonga, ngozi iliyozidi ikaondolewa, mafuta ya kiunoni yakanyonywa, na juu ya yote hayo akavikwa mkanda wa kubana uliomshuka hadi mapajani. Kuinuka kulimuuma. Kwa hiyo hakutaka kunywa maji, asije akahitaji choo, wala hakutaka kutembea kwenye korido huku watu wanamkodolea macho. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba mambo hayo mawili yana maana yoyote.

Tulikuwa juu ya mawingu, jua limejaa madirishani, abiria wanachagua filamu, aliponishika mkono akasema hewa haimtoshi. Akasema tena. Midomo yake ikageuka rangi. Wahudumu walikuja na mtungi wa oksijeni, wakatangaza kama kuna daktari au muuguzi, na akajitokeza mzee mmoja, muuguzi mstaafu, aliyemlaza kwenye sakafu ya jiko lao kati ya makabati ya bati. Akaukata mkanda kwa mkasi, akaanza kumkandamiza kifua. Rubani akageuza kuelekea uwanja wa karibu. Mimi nilishika mguu wake wa kulia, ule mzima, kwa sababu ndio uliokuwa upande wangu. Magurudumu yalipogusa ardhi yule mzee alikuwa bado anakandamiza, lakini alikuwa ameshaacha kunitazama usoni.

Daktari wa hospitali ya mji ule, mwanamke mchovu mwenye miwani juu ya kichwa, hakunificha kitu. Damu iliganda kwenye mshipa wa mguu, donge likasafiri mpaka kwenye mapafu. Mtu aliyetoka kwenye upasuaji mkubwa damu yake huwa iko tayari kuganda, alisema, na ukimkalisha kutwa nzima kwenye kiti cha ndege, miguu imekunjwa, unaisaidia. Angetakiwa kungoja wiki kadhaa na kuchunguzwa miguu kabla ya safari ndefu namna ile.

"Nani alimruhusu kuruka?" akaniuliza.

Nilimjua. Nilikuwepo.

Mdogo wangu hakuwa mtu wa kujiremba. Alikuwa fundi wa simu mwenye kibanda chake sokoni, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa mdomo. Mteja akimsumbua humwambia, "Simu yako imeshapona, sasa tukutazame wewe." Alipozaa pacha tumbo lilibaki limening'inia kama mfuko uliomwagwa, naye akawa anajifunga vitambaa chini ya nguo. Alikimbia asubuhi, alishinda njaa, halikurudi. Siku moja mteja akamuuliza ana mimba ya miezi mingapi. Alicheka naye, akamrudishia simu yake, kisha akafunga kibanda mchana kweupe. Alipoamua kwenda kupasuliwa sikumcheka. Mwili ulikuwa wake.

Daktari aliyemfanyia alikuwa mtu wa kwetu aliyekwenda kusoma ng'ambo akabaki huko, akafungua kliniki yake. Aliongea na wagonjwa kwa lugha yao, akawatania, na hilo lilitosha watu wamwamini. Aliyempelekea wanawake ni mwenye saluni tuliyekuwa tukimwita Mama Shepu. Ndiye aliyepanga kila kitu, tiketi pia, na tarehe ya kurudi ilikuwa siku chache tu baada ya upasuaji. Nilikwenda kama msindikizaji. Mama tulimwambia tunakwenda kununua vipuri vya simu.

Asubuhi ya kutoka kliniki, Daktari aliingia chumbani na Mama Shepu nyuma yake. Alitazama bandeji, akaisifu kazi yake mwenyewe.

"Daktari, safari ni ndefu," nilimwambia. "Si bora tungoje kidogo? Na mguu unamuuma tangu jana."

"Dada yangu, ndege ni kiti tu. Kwani nyumbani hakai?" Mama Shepu akacheka, na Daktari akaendelea: "Miguu kuvimba ni kawaida. Aende akaringe."

Hakuinua shuka. Kulikuwa na mwanamke mwingine koridoni ameshakaa na begi lake, anangoja kitanda kile. Wakatutoa. Mama Shepu alibaki na kundi la wanawake waliokuwa wanafuata kupasuliwa, na sisi tukaenda uwanjani.

Kabla sijafika nyumbani na jeneza, kliniki ilikuwa imeshampigia mama simu. Walitoa pole. Wakasema mgonjwa alishauriwa asisafiri, akakaidi.

Mama aliamini. Nilipomweleza nilichosikia kwa masikio yangu, alinitazama kwa jicho kavu. "Mliniaga mnakwenda kununua vipuri," alisema. "Mlinidanganya mkienda. Nikuamini kwa lipi, na umerudi peke yako?"

Msibani, shangazi yetu alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barazani kwamba mtoto yule kajiua kwa kiuno, na mama hakumkatiza. Baadaye alikuja kulichukua neno hilo akalifanya lake. Pacha, walioishi na baba yao mtaa wa pili, wakikataa dawa au wakivuka barabara bila kutazama, bibi yao aliwaambia, "Mnataka kuwa kama mama yenu, asiyesikia?" Hakuwa mkatili. Alikuwa na hasira na marehemu, na hasira hiyo haikuwa na pa kwenda.

Kisha siku moja nikawapitia pacha shuleni. Mmoja wao alikuwa anamwambia mwenzake langoni, bila huzuni, kama anayetaja kazi ya mzazi, "Mama yetu alikufa kwa ubishi."

Niliwafungulia mlango wa gari, nikawafunga mikanda. Nilikuwa natabasamu. Tangu siku ile nilijua ninachokitaka, na nilichokitaka hakikuwa faraja.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Kazi yangu ni kukaa kimya pembeni ya mtu anayekosea, mguu juu ya breki ya pili. Nimejifunza kungoja.

Nilianza na Mama Shepu. Nilikwenda saluni kwake kila Jumamosi asubuhi, saa zile kiti hakikosi mtu. Nilimwamkia, nikakaa, nikampa mikono anipake rangi ya kucha. Sikumtaja marehemu. Nilimuuliza habari za watoto wake, nikamsifia mapazia. Lakini wateja walinijua mimi ni nani, na kila nilipoingia mazungumzo ya viuno yalikatika kama redio iliyochomolewa. Mara ya kwanza alijikaza. Baadaye akawa anapaka rangi mpaka kwenye ngozi, anafuta, anapaka tena. Akamwachia msaidizi wake kazi hiyo. Nikasema hapana, nimezoea mkono wake.

Nilifurahi, sitaficha. Nilikuwa natoka pale nimeshiba.

Hatimaye akanivuta nyuma ya pazia, kwenye masinki ya kuoshea nywele. "Niambie unataka nini kwangu," alisema. Macho yalikuwa mekundu. "Wateja wamenikimbia. Silali. Nikilala namwona anacheka kitandani siku ile."

"Akija, niambie."

Alijua ninamsema nani. "Na ukishamwona?"

"Nitamuuliza swali. Na wewe hutasema uongo."

Daktari alikuja msimu wa mvua, kutafuta wagonjwa wapya. Walikodi ukumbi wa hoteli, wakapanga viti vyenye vitambaa vyeupe, na wanawake wakajaa, wengine na waume zao. Mama Shepu aliwakaribisha kwa kipaza sauti, nami nikakaa katikati. Daktari alikuwa amenenepa kidogo, na suti ilimkaa vizuri. Akaonyesha picha za kabla na baada. Watu wakaguna kwa kupendezwa.

Nilikuwa nimejiandaa aseme tena kwamba ndege ni kiti tu, nimnase hapo hapo. Hakusema. Mwanamke mmoja alipomuuliza kuhusu safari, alijibu kama kitabu. Baada ya upasuaji mkubwa kaeni, msikimbilie ndege. Vaeni soksi za kubana, tembeeni, kunyweni maji. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi zikikatika, nendeni hospitali upesi. Yote yalikuwa kweli. Nilikaa mikono mapajani, nikaona kisasi changu kinayeyuka, kwa sababu mtu huyu alikuwa amejifunza.

Kisha akaongeza. Akashusha sauti, akaweka mkono kifuani.

"Nawaambia haya kwa uchungu. Niliwahi kuwa na mgonjwa, mama wa watoto wawili. Nilimsihi angoje. Alikataa, ana haraka ya kwenda kuonyesha mwili mpya. Alifia hewani. Tafadhali, msiwe kama yeye."

Wanawake wakatikisa vichwa. Mmoja mbele yangu akanong'ona, "Jamani, watu wengine."

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka sauti yangu ilivyotoka taratibu, ile ninayomwambia mwanafunzi apunguze mwendo.

"Mgonjwa huyo ni mdogo wangu," nilisema. "Nilikuwa chumbani. Nilikuuliza kama tungoje, ukasema ndege ni kiti tu, kwani nyumbani hakai. Nilikwambia mguu unamuuma. Hukuinua shuka."

Alinitazama kwa huruma ya kazini. "Dada, pole sana kwa msiba. Uchungu hubadilisha kumbukumbu."

"Basi muulize aliyeshika kipaza sauti. Naye alikuwepo."

Ukumbi mzima ukamgeukia Mama Shepu. Alikuwa amesimama ukutani na gauni lake la sherehe, kipaza sauti amekikumbatia. Nilidhani atanisaliti. Akakileta mdomoni, akakishusha, akakileta tena.

"Alimruhusu," alisema. "Nami nilicheka. Yule binti hakukataa lolote. Alifanya kila alichoambiwa."

Hakukuwa na kelele. Viti tu vilisogezwa, mikoba ikachukuliwa, na watu wakatoka mmoja mmoja kwa adabu, kama wanaotoka msibani. Yule wa mbele yangu alinigusa bega akipita. Daktari alibaki na picha ya kiuno cha mtu ukutani nyuma yake.

Alinifuata mpaka sehemu ya kuegeshea magari. Suti ilikuwa inalowa. "Unataka nini?" aliuliza. "Nifanye nini haya yaishe?"

Sikuwa nimepanga jibu, lakini lilikuwepo. "Panda. Twende kwa mama."

Nadhani aliona ni jambo rahisi, mkono wa pole, maneno mawili, arudi hotelini. Alipanda gari langu la kufundishia, lenye maandishi ya shule ubavuni na kibao cha mwanafunzi juu ya paa, na kwenye kila taa nyekundu watu walimtazama yule bwana mwenye suti iliyolowa. Niliendesha polepole kuliko ilivyohitajika.

Mama alikuwa sebuleni anachambua mchele kwenye sinia. Nilimwambia huyu ndiye Daktari, ana la kusema. Aliweka sinia chini, akajifuta mikono, akamwonyesha kochi.

"Sema, mwanangu."

Daktari alianza na pole. Akaongea habari ya hatari za kila upasuaji, na mapenzi ya Mungu. Mama alimsikiliza hadi akaishiwa.

"Hilo nimelisikia," alisema. "Mwanangu alikataa kungoja?"

Mvua iligonga bati. Daktari alinitazama. Sikumsaidia.

"Hapana," alisema. "Mimi nilimwambia aende."

"Rudia. Masikio yangu yamezeeka."

Akarudia. Mama aliketi bila kutikisika, na uso wake, niliouona umefungwa muda wote ule, ulifanya kitu nisichoweza kukieleza. Hakulia. Alinyoosha mkono kwenye meza akachukua simu, ile iliyotengenezwa na mdogo wangu, kioo chake kimebadilishwa mara nyingi. Akabonyeza, akaiweka kwenye sauti kubwa. Shangazi akaitika.

"Wifi," mama alisema, "nina mgeni hapa. Msikilize."

Akaisogeza simu mbele ya Daktari.

Akamwambia shangazi. Kisha mjomba mkubwa, kisha mjomba mdogo aliyekuwa kazini na akatakiwa atoke nje apate kusikia. Kisha jirani aliyehamia mbali, kisha kiongozi wa kikundi chao cha kina mama. Kila mara mama aliuliza swali lile lile, na kila mara Daktari alijibu, na kila jibu lilikuwa fupi kuliko lililotangulia. Hakukuwa na mapambo tena. "Nilimruhusu. Hakukosea." Nilikaa kwenye kiti cha mlangoni nikimtazama jasho likimtiririka kwenye kola, na sikutaka iishe.

Siku hizi nasikia kliniki yake imepata mmiliki mwingine, na Mama Shepu anasuka nywele tu. Watu huniuliza kama moyo ulitulia. Nawaambia ukweli, kwamba siku ile nilionja utamu, na mpaka leo sijaona sababu ya kuutema ule utamu.

Siku ile sebuleni, sauti ilipoanza kumkauka Daktari, aliomba maji.

"Utakunywa ukimaliza," mama alisema, akabonyeza namba nyingine. Aliyeitika ni mkwewe. Mama aliongea naye kwa upole, akamwomba awaite pacha, aiweke simu mezani, akae nao karibu. Tukasikia viti vikivutwa, na mmoja akiuliza, "Ni bibi?"

Daktari alifumba macho.

"Hawa bado wadogo," mama alimwambia, akimsogezea simu. "Waambie taratibu."