Siishi Shasha

Wenzangu walipokimbia vita kwetu Kalembe walibeba sufuria. Mimi nilibeba kamusi ya Kiingereza, kwa sababu Kiingereza ndicho nilichokuwa nikifundisha, na wifi yangu Daphrose hajaacha kunicheka mpaka leo. "Mwalimu, utupikie basi hiyo kamusi," huniambia kila jioni.

Wiki jana walikuja watu wa msaada hapa kambini Shasha na fomu za Kiingereza. Ukitia sahihi, unapata turubai. Kibanda changu kinavuja kila kona, kwa hiyo nikapanga mstari. Daphrose, aliyekuwa mbele yangu, alitia sahihi bila kuuliza, akachukua turubai lake na kusimama kando kulikunja.

Karani wao, Gustave wa Goma, akanionyesha mahali pa sahihi. Nikasoma kwanza. Fomu ilisema kwamba mimi, Laetitia, "dwells" Shasha, yaani naishi hapa. Damu ilinichemka. Anayeandikwa mkaaji wa hapa hufutwa kwenye orodha ya kurudi kwao, na shamba lake hupewa mwingine. Nilimuuliza Gustave kama ndivyo. Akakubali, akiitazama kalamu yake.

"Mama, ni neno tu. Muko hapa mwaka muzima. Weka signature."

"Papa, hili neno miye nalijua kukupita."

Nikafungua kamusi mezani pake. Zamani sana kitenzi hicho kilimaanisha kumpoteza mtu njia, kumdanganya. Baadaye kikawa kumchelewesha. Kisha kukawia mahali. Maana ya kuishi ilikuja mwisho, nadhani watu walipokwisha kusahau nani aliyewapoteza.

"Kama ni ile maana ya zamani, nitaweka signature," nikamwambia. "Walitupoteza njia, wakatuchelewesha. Andika vile. Lakini kuishi, hapana! Miye naishi Kalembe. Mihogo yangu iko mu udongo bado."

"Bâche iko ya wenye wanaishi hapa, Mama," akasema, akiligusa turubai langu.

"Basi ubaki nayo."

Niligeuka nikiwa na hasira, na hofu pia, maana mawingu yalikuwa yameshuka. Nilingoja Daphrose anicheke.

"Na shamba yangu?" aliniuliza.

"Nayo vilevile, itapewa mwingine."

Akarudi mezani, akabwaga turubai juu ya fomu za Gustave. "Ufute jina yangu hapo," alisema. "Na miye niliacha mihogo."

Mvua ilipoanza, tuliiweka kamusi ndani ya sufuria ya Daphrose, tukafunika.