Kisima cha Pima Ishirini

Katika nchi ya Mbaramwezi, sheria ya kwanza ilihusu urefu wa kamba ya kutekea maji. Kisima cha Mfalme kilikuwa na kina cha pima nane, na hakuna raia aliyeruhusiwa kuteka maji ya chini zaidi ya hapo. Nchi nzima ikachimba pima nane. Waoga walichimba saba.

Maji yalikuwa maangavu, hayana harufu wala ladha. Baada ya miaka kadhaa viganja vya watu viliota sugu, vifua vikatoka madoa meusi. Waziri wa Maji akatangaza kuwa hizo ni alama za uchapakazi. Wenye sugu nyingi walipewa viti vya mbele barazani. Hawakuvikalia sana, walizikwa kwa heshima zote.

Mjane mmoja, mchimbaji wa visima, aligusa kiganja cha binti yake kikamkwaruza. Akaenda barazani. Alieleza kwamba sumu imo kwenye mchanga wa kijivu, ule wa pima nane, tangu nchi iumbwe, haikutiwa na mtu. Chini yake kuna udongo wa mfinyanzi, na chini ya huo mchanga mwekundu, ambao maji yake ng'ambo ya mpaka yananywewa na viganja ni laini. Aliomba pima ishirini.

"Kwa hiyo Mfalme anakunywa sumu?" Waziri aliuliza.

"Mchanga ndio wenye sumu, mheshimiwa. Mfalme anakunywa tu."

Mfalme alisema kwa upole kwamba kuongeza kina ni kumwambia marehemu baba yake, aliyekichimba kisima, kwamba alikosea pima kumi na mbili. Ombi likakataliwa.

Mjane akachimba jikoni kwake, akaziba kuta kwa udongo wa mfinyanzi ili maji ya juu yasivujie chini. Majirani wakateka. Mwaka ulipopita, Baraza likaamuru kila mwenye kiganja laini akamatwe.

Sajini alifika na askari kumi. Akashika mkono wa binti, akaupapasa, kisha akautazama wake.

"Mama, kisima hiki kina pima ngapi?"

"Ishirini."

"Wekeni mikuki chini," aliwaambia wenzake. "Wenye watoto watangulie."

Ikulu ikatuma kikosi cha pili, nacho kikapanga foleni. Mwishowe Mfalme akamtuma Waziri mwenyewe akawarudishe wote.

Waziri aliondoka mara moja. Alibeba mtungi.