Viazi vya Kidoti Havina Maziwa

"Mama Kidoti, wewe ni mwongo," mkuu wa kituo cha kulelea watoto aliniambia. Tena aliniambia mlangoni, saa ya kuchukua watoto, wazazi wenzangu wamejaa kwenye ngazi wakitafuta viatu vya watoto wao.

Nilikuwa nimembeba mwanangu. Midomo yake ilikuwa imevimba kama mtu aliyepigwa, shingoni vipele vimepandana, shati linanuka matapishi. Ilikuwa mara ya tatu mwezi ule. Ana miaka mitatu. Tunamwita Kidoti kwa ajili ya alama nyeusi aliyozaliwa nayo juu ya nyusi, na siku ile hata alama yenyewe ilikuwa imezama kwenye uvimbe.

"Mwongo kwa lipi, mwalimu?"

"Unatuambia mtoto ana mzio. Maziwa asiguse, siagi asiguse. Halafu unampakia viazi vya kuponda vimejaa maziwa! Leo nimevionja kwa ulimi wangu. Vyeupe, vizito, vinateleza kama krimu. Miaka ishirini na miwili nalea watoto wa watu, maziwa nitakuwa siyajui?"

"Havina maziwa."

"Basi vina nini? Maombi?"

Mzazi mmoja akacheka. Mwingine akainama kujifanya anafunga kamba za kiatu cha mwanawe, na kiatu chenyewe hakikuwa na kamba.

"Mimi sitaki kituo changu kifungwe kwa sababu ya mama anayemdhuru mwanawe kisha anatutupia sisi lawama," akaendelea. "Jumatatu usimlete. Tafuta kwingine."

Kwingine wapi? Vituo viwili nilikwisha kuvijaribu. Waliposikia neno mzio walinionyesha mlango kwa tabasamu. Baba yake Kidoti ni dereva wa lori, nyumbani anaonekana mara mbili kwa mwezi. Mimi nashona kola katika kiwanda cha sare, na cherehani yangu haikubali mtoto pembeni. Bila kituo kile, kazi sina. Lakini nitasema kweli: pale ngazini sikuwaza kazi. Niliwaza kwamba mtu huyu anawaambia watu kuwa mimi ndiye ninayemuumiza mwanangu. Damu ilinichemka hadi masikio yakaziba.

"Kesho mchana nakuja jikoni kwako," nikamwambia. "Napika viazi hivyo mbele yako. Sufuria yako, jiko lako, macho yako. Ukiyaona maziwa, mimi mwenyewe nitamwondoa."

Wazazi walikuwa wanamtazama. Akabenua mdomo. "Njoo."

Nyumbani nilimpa Kidoti matone aliyoandikiwa na daktari, nikamwogesha, nikakaa naye sakafuni mpaka kifua kikaacha kukoroma.

"Mama," akasema, "viazi vimenigombeza."

Nikaibusu ile alama yake. Nikamchekea. Kisha nikaenda kusimama jikoni, nimeshika ukingo wa sinki mpaka vidole vikafa ganzi.

Viazi vile nilivitafuta kwa jasho. Daktari alipomkataza maziwa, vya kwanza nilivyoponda vilikuwa vikavu, vikamkaba. Vya pili nilivitia kwenye blenda vikawa ulimbo. Kijiko kilisimama chenyewe. Nikapika tena na tena, nikisoma hapa, nikiuliza pale, nikimwaga. Mara ya saba Kidoti alilamba kijiko, akalamba bakuli, akataka kunilamba na mimi kidole. Nililia siku ile kama mtu aliyefaulu mtihani. Ndivyo hivyo vilivyoitwa uongo mlangoni.

Kesho yake msimamizi wangu kazini alinipa saa moja ya chakula na dakika kumi za huruma. Nilifika kituoni mbio mbio. Watoto walikuwa chumba cha pili wakiimba kabla ya kula. Jikoni alikuwepo mkuu, amefunga mikono kifuani, na mpishi, mama wa makamo ambaye watoto wanamwita Bibi Mwiko kwa kuwa mwiko haumtoki mkononi. Mpishi alinikata jicho. Yeye ndiye anayempashia Kidoti chakula kila mchana, na alijua lawama inaweza kumwangukia.

"Mimi mwanao sijampa maziwa," akanianza. "Tuelewane kabisa."

"Sijasema umempa, bibi."

"Hujasema, lakini umekuja na kikapu."

Mkuu alikikagua kikapu changu kama askari wa mpakani: viazi, kitunguu saumu, chumvi, chupa ya mafuta ya alizeti. Akainusa chupa. Akaosha sufuria kwa mkono wake. Kisha akalifunga kabati la maziwa, ufunguo akautia mfukoni.

"Sasa," akasema, "tuone miujiza."

Nilimenya kwa hasira, lakini sikumenya vibaya. Nilikuwa nimechagua viazi vya zamani, ngozi yake ina vumbi, vile ambavyo vikiiva vinakuwa unga ndani. Nikavikata vipande vya ukubwa mmoja, nikavitia kwenye maji ya baridi yenye chumvi, nikabandika.

"Maji baridi?" Bibi Mwiko akauliza. Hakutaka kuuliza, swali lilimponyoka.

"Baridi. Ukivitia kwenye ya moto, nje vinavurugika na kiini bado kigumu."

Kando nikapasha mafuta kwa moto mdogo, nikatia punje za kitunguu saumu mpaka zikalainika bila kubadilika rangi. Nilikuwa nimebanana na mpishi kwenye jiko lile, katikati ya makopo ya chumvi na kiberiti na kikombe cha bati kilichofunikwa kisahani. Kisu kilipopenya kiazi bila kukwama, nikachuja. Maji nikayakinga kwenye bakuli.

"Hayo mwaga," mkuu akasema.

"Siyamwagi. Haya ndiyo maziwa yangu, mwalimu. Yaangalie vizuri, usije ukasema nimeyatoa kwenye blauzi."

Bibi Mwiko aligeukia ukutani, mabega yakamtikisika.

Nikavirudisha viazi kwenye sufuria juu ya moto, vikatoa mvuke wote vikabaki vikavu. Kisha vingali moto nikavisukuma kupitia chujio la waya kwa mgongo wa upawa, vikaangukia bakuli jingine. Mkono ulikuwa unaniuma; sikupumzika. Vipande vinne nikaviacha ndani ya sufuria kwa kuwa bakuli lilijaa. Nikatia mafuta kwanza, nikakunja taratibu na mwiko, kisha yale maji ya moto, kidogo kidogo.

"Hupigi?" mpishi akauliza.

"Ukipiga, vinageuka gundi. Unavikunja tu, kama unamfunika mtoto."

Vikawa vyeupe. Vikawa vizito, vinang'aa, vinateleza. Mkuu akachota kijiko. Akachota cha pili, hicho bila kuombwa na mtu.

"Maziwa yako wapi, mwalimu?"

"Mh."

"Siagi? Tui? Sema."

"Sawa, havina," akasema, akafuta mdomo. Nilisubiri neno linalofuata, neno moja tu ambalo mtu yeyote mwenye haya angelisema. Hakulisema. "Basi mtoto wako ana ugonjwa mwingine usiojulikana, na hiyo ni mbaya zaidi. Sisi si hospitali. Jumatatu iko palepale."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Umeniita mwongo mbele ya watu. Nimekuonyesha. Bado unamfukuza?"

"Usinipandishie sauti jikoni kwangu."

"Nitaipandisha! Mtoto wangu anakuja hapa mzima, anarudi amevimba. Nyumbani anakula viazi hivihivi, havimfanyi kitu. Hapa jikoni kuna kitu, na hutaki kukitafuta kwa sababu kukifukuza kitoto ni rahisi zaidi!"

Tulirushiana maneno, yeye akinitajia miaka yake ishirini na miwili, mimi nikimtajia midomo ya mwanangu, mpaka nyimbo za chumba cha pili zikakoma. Kidoti akatokea mlangoni na kijiko chake cha plastiki.

"Mama, njaa."

"Mtoto ale kwanza, nyinyi mtagombana baadaye," Bibi Mwiko akasema. "Na hivi vimeshapoa, vimekaza. Lete nivipashe."

Akavimimina kwenye kisufuria kidogo, akakiweka motoni. Mkono wa kulia ukaanza kukoroga. Alikuwa anamtazama Kidoti, anamchekea, anamwambia, "Leo mama yako kapika mbele ya majaji, umesikia?" Na mkono wa kushoto, bila yeye kuuangalia, ukaenda kando ya jiko, ukaondoa kisahani, ukainua kile kikombe cha bati, ukamimina.

Yalikuwa meupe.

"Bibi!"

"Nini tena?"

"Umetia nini humo?"

"Nitie nini? Sijatia kitu."

"Hicho kikombe kina nini?"

Alikitazama kama mtu mwingine ndiye aliyekiweka mkononi mwake. "Hiki? Hiki ni cha kulainishia. Chakula kikipoa kinakaza, nalainisha. Vya watoto wote nalainisha."

"Unalainisha kwa nini, bibi?"

"Kwa ma..."

Akaishia hapo. Nilimwona akijisikia mwenyewe. Mwiko ulimponyoka, na sijawahi kumwona tena bila mwiko tangu siku ile.

"Mimi sijampa maziwa," akasema, sauti imepungua. "Niliambiwa Kidoti asipewe kikombe chake cha maziwa cha saa nne. Basi. Sijampa hata siku moja. Hili tone nalo ni maziwa? Mimi... miaka yote nalainisha tu."

"Na karatasi ya daktari hukuisoma?"

"Karatasi gani?"

Nilimgeukia mkuu. Siku ya kwanza nilimkabidhi karatasi ile mkononi. Daktari aliandika: hata tone, hata kijiko kilichogusa maziwa. Mimi nikapiga mstari chini ya hata tone kwa kalamu nyekundu, mara mbili.

"Karatasi iko wapi?"

"Iko ofisini. Kwenye faili lake. Imehifadhiwa vizuri."

"Faili ndilo linalompikia mwanangu?"

"Mama Kidoti, tuongelee ofisini. Watoto wanasikia."

"Jana pale mlangoni wazazi walikuwa viziwi?"

Nilikichukua kile kisufuria, nikamwaga viazi vyangu vyote kwenye ndoo ya taka, na hilo pia liliniuma. Mara tatu mwanangu alibanwa pumzi, na kinga yake ilikuwa imelala kwenye faili, imevalishwa plastiki isipate vumbi.

"Kailete," nikasema. "Inabandikwa hapa, juu ya jiko, sasa hivi, nikiwa nimesimama."

Akaenda. Akarudi nayo, amerudiwa kidogo na ukuu wake. "Gundi imekwisha. Nitaagiza wiki ijayo."

Wiki ijayo! Nikatazama sufuria. Vile vipande vinne vilikuwepo bado, havijaguswa na mafuta wala na kikombe. Kimoja nikampa Kidoti mkononi na chumvi kidogo. Vitatu nikaviongezea maji yake, nikachukua mwiko, nikavipiga. Sikukunja. Nilipiga. Nilivipiga kwa ajili ya mlangoni, kwa ajili ya yule aliyecheka, kwa ajili ya maombi na miujiza, kwa ajili ya usiku niliokaa sakafuni nikihesabu pumzi za mtoto.

"Utatoboa sufuria, mwanangu," Bibi Mwiko akasema.

"Itoboke."

"Mama anapiga viazi," Kidoti akasema, mashavu yamejaa. "Vimenigombeza."

"Hapana, baba yangu. Viazi havijakukosea kitu."

Vikavutika. Vikawa ulimbo wa kijivu, unashika mwiko na hauachii. Nikaitoa karatasi kwenye plastiki, nikaipaka nyuma, nikaibandika kwenye vigae juu ya jiko, pale ambapo mkono wa kushoto wa mpishi hupita. Pembe moja ikajikunja. Bibi Mwiko akaisukuma kwa dole gumba, akaishikilia hapo muda mrefu, akisoma huku midomo inacheza. Alipofika kwenye wino mwekundu alifunika uso kwa kona ya aproni.

Sikumbembeleza. Bado nilikuwa na hasira, na yeye hakuniomba.

"Ulinichafua mlangoni," nikamwambia mkuu, "utanisafishia mlangoni. Leo jioni."

Nilirudi kazini nimechelewa dakika ishirini. Msimamizi alinisema, nikashona kola zilizonyooka kuliko siku zote. Jioni ngazi zilikuwa zimejaa kama jana. Mkuu alitoka, akakohoa, akasema kwa sauti ya mtu anayenong'ona na ukuta kwamba viazi vya Kidoti havina maziwa, na kosa lilikuwa la jikoni.

"La jikoni?" nikauliza.

"La ofisi," akasema.

"Rudia, mwalimu. Walio ngazi ya chini hawajasikia."

Akarudia. Yule wa kiatu kisicho na kamba alinitazama safari hii, akaitikia kwa kichwa.

Jumatatu nilimleta mwanangu saa moja na nusu, na hakuna aliyetuzuia mlangoni. Bibi Mwiko alinivutia jikoni bila salamu ndefu. Kando ya jiko, pale pa kikombe cha bati, kulikuwa na chupa ya chai ndogo, mpya, imefungwa uzi mwekundu shingoni.

"Maji ya viazi," akasema. "Nimechemsha leo alfajiri. Yake peke yake, na kisufuria chake, na mwiko wake. Onja, uniambie kama chumvi imezidi."

Nikaonja. Chumvi ilikuwa sawa. Nilitaka kumwambia neno zuri, likakataa kutoka; nikasema, "Asubuhi hii amekula vizuri," nikampa bakuli.

Karatasi ilikuwa ukutani. Mkuu alitaka ihamishwe, ati inaharibu vigae, na Bibi Mwiko aliniambia wamejaribu kwa kisu, kisha kwa maji ya moto.

"Haibanduki," akasema.

"Vizuri," nikasema, nikaenda kazini.