Mashine Haijafa

Mashine ya kusaga ya akina Anisia ilivuka mpaka wa Kobero pamoja nao, juu ya lori, mwaka waliporudi kutoka Tanzania. Sasa, kibandani kwao Nyamugari, mjini Gitega, Burundi, ilikuwa ikigonga kwa ndani kama mtu anayeponda kokoto kila mahindi yalipoielemea.

"Imekufa," alisema kaka yake, Elikana. "Mustafa, yule mnunuzi wa vyuma vikuukuu, anakuja kesho kutoka Muyinga. Tuiuze ingali inawaka."

"Haijafa," alisema Anisia. "Ilianza kugonga petroli nzuri ilipoadimika, tukanunua hii ya chupa, iliyochanganywa na mafuta ya taa. Kabla ya hapo ulisikia nini?"

Akaenda dukani kwa Roshan, aliyeuza vifaa vya mafundi. Roshan akamweleza kwamba petroli nzuri hustahimili kubanwa ndani ya injini, haiwaki kabla ya wakati wake. Ustahimilivu huo una kipimo, okteni. Mafuta ya taa hukishusha, alkoholi hukipandisha. Aliporudi akamsimulia kaka yake.

"Si ungesema! Kanyanga ipo," Elikana akacheka, akamimina chupa nzima ya pombe ile kali kwenye tangi. Mashine ikakohoa, ikazima.

Anisia alichota mafuta yale kwenye chupa ya kioo, akaketi kuyatazama hadi yakatulia. Yakajigawa, ya juu na ya chini.

"Kanyanga ina maji mengi," alisema. "Maji yameivuta alkoholi, yamezama nayo. Huku juu imebaki petroli ileile mbovu."

"Wewe na chupa zako!"

Akarudi kwa Roshan kununua alkoholi kavu, isiyo na maji, ile ya maseremala ya kuyeyushia vanishi. Akaichanganya kidogo tu na petroli chupani, akangoja. Mchanganyiko haukujigawa. Ndipo akalisafisha tangi na kulijaza mchanganyiko huo.

Mustafa alipofika hakukaa. "We dada, mi nasikia mashine iko inagonga. Mi nanunua chuma, sinunui hadithi."

"Karibu, kaka Mustafa. Petroli nimeitia alkoholi kavu. Sikiliza kwanza."

Akaiwasha, akamimina karai zima la mahindi. Injini ikaguna chini ya mzigo, ikaendelea kunguruma. Haikugonga. Unga ukashuka.

Mustafa akatega sikio. "Ah bon! Kumbe iko nzima! Basi mi naongeza bei."

"Haiuzwi."

"Na hiyo alkoholi utanunua mpaka lini? Iko ghali, we!"

"Mpaka petroli nzuri irudi. Faida ikipungua, tutakula kidogo." Akamgeukia Elikana. "Kaka, shika gunia. Watu wanangoja nje."

Elikana akavua koti, akashika gunia.